Gari la Mguu wa Mke Wangu

Kusoma niliishia darasa la nne, kwa hiyo atakayesoma hapa asitafute ufundi wa maneno. Ufundi wangu ni wa cherehani. Nimeshona sare za shule hapa Lodwar tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na nikikosea nitafumua nianze upya, kama ninavyofumua kola. Ninataka kueleza vile mimi na mke wangu tulivyonunua gari, na vile nilivyoogopa. Habari ya kununua nimeisimulia mara nyingi. Ya kuogopa sijawahi kuisimulia yote.

Mke wangu ana sukari. Mwaka wa elfu mbili na kumi na mbili alikanyaga mwiba, mwiba wa kawaida tu, huku miiba ni mingi kuliko watu. Kikatoka kidonda chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto, kikakataa kupona. Daktari alisema kisafishwe kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na kwamba kikifika mfupani mguu utakatwa. Alisema hivyo hivyo, kama mtu anayesema shati litapunguzwa mikono. Mimi nilitoka pale nikiwa nimeloa jasho mpaka soksi. Mke wangu aliniuliza, "Wewe unalia nini, mguu ni wako?"

Nyumba yetu iko mbali na hospitali, na katikati ni mchanga. Tulikuwa tunatumia pikipiki. Siku moja, karibu na Krismasi, pikipiki iliteleza kwenye mchanga ikamwangusha, na akaangukia mguu ule ule. Alirudi nyumbani bandeji imejaa mchanga kama mfuko wa mjenzi. Akasema, "Hiyo kitu sipandi tena." Nilidhani ni hasira za siku moja. Nimekaa na huyu mama miaka mingi na bado nilikosea. Alikosa kliniki wiki ya kwanza, akakosa ya pili, na siku moja nilipoinama kumfunga kidonda nikasikia harufu. Harufu ile ndiyo iliyonunua gari. Mimi sikutaka gari. Mimi hata baiskeli naiogopa.

Wakati huo mafuta yalikuwa yamepatikana upande wa kusini na Lodwar yote ilikuwa inazungumza magari. Yalikuja magari marefu, meupe, yenye nyaya za redio zinazotikisika, na hata mama wa kuuza nyanya alikuwa anaweza kukueleza ni gari gani linafaa mchanga. Hayo yalikuwa ya watu wengine. Tulichoweza sisi ni kagari kadogo, tena ka mkono wa pili, kwa pesa ambazo mke wangu alikuwa akizitia kwenye kopo kila nikimaliza sare za shule moja.

Kuendesha nilifundishwa na dereva aliyestaafu, jirani yetu, uwanjani kwa mpira. Alikuwa anakaa kando yangu na fimbo juu ya magoti. Nikianza tu, mguu wangu ulikuwa unapiga klachi mfululizo, juu chini, juu chini, na gari la kuazima linaruka kama mbuzi. Ananigonga goti. "Mzee, hii si cherehani. Kanyaga mara moja, uachilie polepole." Miezi mitatu hivyo, na kliniki tukienda kwa lifti za kuomba. Leseni nilipata, lakini nje ya uwanja ule sikuwa nimeendesha zaidi ya kufika sokoni, na hapo sokoni kuegesha aliegesha mwingine.

Baada ya uchaguzi, mwezi wa nne wa mwaka uliofuata, mtu wa kanisani kwetu alituambia kuna Mkongomani Kakuma, ndani ya kambi ya wakimbizi, anauza gari haraka. Alikuwa anapika mikate na kuisambaza kwa gari hilo. Jina lake lilikuwa limetoka, anahamishwa na familia kwenda nchi ya baridi, na ndege yake ni Ijumaa. Tukaenda Jumatano, baada ya kliniki, kwa lifti ya gari la serikali. Mke wangu hakuniacha niende peke yangu. Nilipokuwa kijana niliwahi kununua cherehani Kitale, nikaibeba mpaka nyumbani, na tulipoifungua ilikuwa tupu ndani, haina hata chuma kimoja, kama mtungi. Hajasahau. Ameshawaambia mpaka wakwe.

Gari lenyewe lilikuwa la buluu, la milango miwili tu, na kiti cha nyuma bado kilikuwa na unga kwenye mishono. Lilinukia hamira. Mwenyewe alikuwa mtu mrefu, mpole, akitufuata nyuma kila mara na maneno yake matamu.

"Papa, hii motokari iko muzima. Haina bugonjwa."

Mke wangu alifungua buti, akafunga. Akafungua tena. Akabonyeza viti kwa vidole, akainama akaangalia chini, akagonga magurudumu kwa fimbo yake.

"Mama," yule mtu akamwambia, "unanunua gari ama unanunua kuku?"

"Kuku ningekuwa nimeshamchinja," mke wangu akasema. "Niingize nyuma."

Kuingia nyuma kwa gari la milango miwili ni kazi. Unakunja kiti cha mbele, unapita kwa ubavu. Tulimsukuma polepole, akaketi, akanyoosha mguu wa kushoto juu ya kiti chote, na mguu ukatoshea pale kama umepimwa. Alifumba macho. Akasema kutoka ndani, "Sawa." Hapo ndipo tuliponunua. Mengine yote, karatasi na jina kwenye logibuku, kile kitabu cha gari, yalikuwa sawasawa, hilo sitawadanganya.

Kule kambini gari haliuzwi kimya kimya. Walikuja watu wa kanisa lao, wakaweka mikono juu ya boneti, wakaliombea kwa Kiswahili chao na Kifaransa na lugha nyingine nisiyoijua. Yule mwenye mikate aliweka kiganja juu ya paa akalia kama anayeaga ng'ombe. Alipomaliza akajipangusa uso akaniambia, "Papa, kesho usiende peke yako. Kuna watu wa bunduki. Fuata wengine, usiachwe." Tukalala Kakuma kwa mshonaji mwenzangu. Mke wangu alilala. Mimi niliyarudia maneno yale, usiachwe, usiachwe, mpaka asubuhi.

Siku hizo magari yalikuwa yanakusanyika asubuhi, yanaondoka pamoja, na gari la askari mbele. Tulikuwa magari sita. La mwisho kabla yangu lilikuwa lori kubwa lililokuwa limeshusha mahindi kambini, linarudi tupu, na la mwisho kabisa nilikuwa mimi. Barabara ile mnaijua ilivyokuwa. Lami ilikuwa imebaki vipande vipande, kama shuka lililoliwa na panya, na wengi walikuwa wanaiacha wanapita kando kwenye vumbi. Mikono yangu iliushika usukani mpaka vidole vikafa ganzi. Kila kichaka nilikiona kina mtu. Kila mchungaji aliyesimama kwa mguu mmoja na fimbo begani, niliona ni bunduki.

"Pumua," mke wangu akasema nyuma.

"Ninapumua."

"Hupumui. Ninakuona kwenye kioo."

Lori lilikuwa linakimbia na mimi nikalishikilia mkiani. Vumbi lake nikalila lote. Likienda kulia naenda kulia, likiingia shimo naingia shimo. Sasa, watu wa Lodwar wanaoendesha magari madogo wanajua kitu ambacho mimi sikukijua, kwa sababu uwanjani kwa mpira hakuna malori. Miguu ya lori iko mbali-mbali na ni mizito, inachimba mitaro miwili, na katikati inaacha tuta. Gari dogo miguu yake iko karibu na tumbo lake liko chini. Likifuata njia ya lori mchangani, linakalia tuta. Mwenye gari dogo hupita pembeni, mahali ambapo hakuna aliyepita. Lakini mtu mwenye hofu huenda palipopitwa.

Njiani kulikuwa na laga, yaani ule mto wetu wa mchanga ambao mwaka mzima ni mkavu, upana wake kama viwanja viwili vya mpira. Daraja lake lilikuwa limevunjika, tukateremka. Lori likateremka, likavuka, likapanda ng'ambo. Mimi nikaweka magurudumu yangu kwenye alama zake. Katikati ya laga nikasikia tumbo la gari likikwaruza, likakwaruza tena, likasimama. Nikakanyaga mafuta, magurudumu yakazunguka bure. Nikapiga honi. Vumbi la lori nililiona likienda, likienda, halafu sikuliona.

Chini kidogo yetu walikuwapo wanawake Waturkana wanachota maji. Wanachimba shimo mchangani, refu kumzidi mtu, mmoja anaingia ndani na wengine wanapokea vibuyu na mitungi. Wakaja kutuangalia, shanga zimejaa shingoni.

"Ejok," nikawasalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, Apa." Aliyejibu, akiniita baba, alikuwa mama mzee, umri wangu. Akainama akaangalia chini ya gari, akacheka. "Hii imekaa kama kuku juu ya mayai."

Wenzake wakacheka. Mke wangu pia akacheka, kule nyuma. Mimi nikatoka nikaanza kuchimba mchanga kwa mikono. Jua lilikuwa kali, mbingu juu yetu haina wingu hata moja. Nikarudi ndani nijaribu tena, gari likazidi kuzama.

Kisha wanawake wakageuka. Mbuzi waliokuwa kwenye visima walikuwa wameanza kupanda ukingo wenyewe, bila kufukuzwa. Yule mama mzee akageuza uso upande wa juu wa laga, kule kwenye milima ya Uganda, na kule kulikuwa kweusi. Akasema neno moja, "Ngakipi." Hilo ni maji. Nami nikasikia. Nilidhani ni malori mengi yanakuja pamoja, nikafurahi, Mungu anisamehe, nikafurahi kidogo. Halafu nikaona mwinuko wa maji wa rangi ya kahawia mbali kwenye kona, una povu na matawi juu yake, unatembea.

Nilifungua mlango nikakimbia.

Nitaandika tena, isije ikaonekana nimepita hapo haraka. Nilifungua mlango wangu nikakimbia mpaka ukingoni, na mke wangu alikuwa ndani ya gari, kiti cha nyuma, mguu umenyooshwa, na hakuna mlango wa nyuma. Sikufikiri kwamba nitarudi. Sikumfikiria kabisa. Nilifikiri miguu yangu. Nilishika mzizi nikajivuta juu, ndipo nikageuka.

Wale wanawake hawakuwa wamekimbia. Mmoja alikuwa ameshakunja kiti, mwingine amemshika mke wangu kwapani, anamtoa kama mtoto anayezaliwa. Mmoja akamtia mgongoni akaondoka naye. Waliobaki, kama wanane, wakashika gari nyuma, wakaliinua, wakalisogeza pembeni nje ya mitaro, kama mnavyosogeza kitanda mkifagia. Halafu wakalisukuma kwenye mchanga ambao haujapitwa, na likaenda, jepesi, bila mtu ndani.

Nilirudi. Nilirudi wakati gari lilikuwa limeshafika kwenye mchanga mgumu chini ya ukingo, nikaweka mkono kwenye buti kama mtu anayesukuma.

Maji yalipita. Sina maneno ya maji yale. Yalibeba mti mzima umesimama. Vile visima vyao vyote vilifutwa, kazi ya siku nyingi. Tulikaa ukingoni mpaka jua likaegemea, yakapungua kidogo kidogo. Mungu alitujalia gari lilitokea ng'ambo ile ya kwenda Lodwar. Wanawake waliomba tumbaku nikawa sina, nikawapa kitambaa chote cha sare nilichokuwa nimenunua Kakuma, wakakigawana kwa kukichana.

Yule mama mzee akakaa kando yangu. "Apa, wewe una mbio," akasema. "Kushinda gari. Ulinunua ya nini?"

Wakacheka mpaka wengine wakalala chini. Nilimtazama mke wangu, nikitaka naye acheke kama alivyocheka mwanzo. Alikuwa anafuta mchanga kwenye bandeji, taratibu.

"Nilikuona mgongo," akaniambia.

Mimi tangu nizaliwe nimeogopa vitu vingi, nimeogopa watu wa bunduki, nimeogopa daktari na msumeno wake, lakini kukaa kando yake pale bila yeye kuongeza neno, hiyo ilikuwa hofu nyingine. Nilingojea anitukane mpaka Lodwar. Hakunitukana.

Jumapili tulipeleka gari kanisani kwa shukrani, kama watu wanavyofanya. Nikaitwa mbele nitoe ushuhuda. Nikasimulia laga, nikasimulia maji, na nilipofika pale pa mlango nikasema Bwana alinipa nguvu nikambeba mke wangu mgongoni. Watu wakapiga makofi. Nikamtafuta kwa macho. Alikuwa benchi la mbele, mguu juu ya kigoda, ananiangalia. Mchungaji akasema, "Na mama aseme amina." Akasema amina.

Mguu haukukatwa. Kidole kimoja tu kilitolewa, na kidonda kikafunga kabla ya mwaka kuisha, kwa sababu kliniki hakukosa tena hata siku moja. Lakini nyuma hakukaa tena. Kile kiti kilichomtoshea nikakijaza vitambaa. Anakaa mbele, mguu umekunjwa, unamuuma, ninajua unamuuma. Na tukifika mahali popote penye mchanga, hata pale karibu na nyumbani ambapo mvua haijafika tangu mwaka jana, anaweka mkono kwenye kitasa, anafungua mlango kidogo, upana wa vidole viwili, anaushikilia hivyo.

"Endesha," ananiambia.

Nami naendesha, huku upepo unaingia.