Pindo la Kanga na Mjusi wa Galapagos

Kila asubuhi nikiingia kazini, hospitalini kule Jette, mtaa wa Brussels, harufu ya dawa ya kuua vijidudu hunirudisha kwenye uwanja wa ndege wa Galapagos, visiwa vya volkano vilivyo mbali na kila mtu, nilikofika nikiwa mtoto. Mlangoni mimi na Mama tulikanyaga zulia lililolowa dawa yenye harufu hiyo hiyo, viatu vyetu visije vikaingiza uchafu wa Brussels.

Tulimfuata Mjomba Salimu, mdogo wake Mama, aliyeajiriwa huko kung'oa mimea ya kigeni isije ikaua ile ya asili. Walikuwa hawajaonana miaka mingi. Mama ni mtu wa Tanga, na hajui kumtembelea mtu mikono mitupu. Hata kwa jirani wa ghorofa ya chini, pale mtaani kwetu Schaerbeek, hashuki bila bakuli. Mjomba alipenda mchicha tangu utoto wao. Basi Mama alimchukulia mbegu: pakiti moja ndani ya begi, na nyingine kidogo akazifunga pindoni mwa kanga aliyojitanda.

Mkaguzi aliitoa ile pakiti, akatikisa kichwa kwa upole, akaitupa pipani. Pindo hakuliona. Mama alinikonyeza, nami nikajiona nina mama shujaa kuliko mama wote duniani.

Nje Mjomba alitupokea kwa kicheko na machozi. Bado tumekumbatiana, tukaona ng'ambo ya uzio ndege iliyo tayari kuruka imesimama tu, na mfanyakazi mmoja amembeba kwa mikono miwili mjusi wa manjano, mnene kama paka aliyeshiba, anamtoa njiani taratibu.

"Ndege nzima inamsubiri mjusi?" Mama aliuliza.

"Huyo ndiye mwenyeji, dada," Mjomba alisema. "Sisi wageni tu."

Mama akageuka, akarudi kwa mkaguzi, akafungua pindo mbele za watu na kumkabidhi zile mbegu. Niliona aibu, nikajificha nyuma ya Mjomba. Si tulikuwa tumeshapita?

"Basi nimekuja mikono mitupu, mdogo wangu," alisema aliporudi.

Mjomba alilishika lile pindo tupu, akajifutia machozi.

Wiki ile tulikula samaki mpaka tukachoka, jani la mchicha hatukuliona. Kwa miaka mingi niliamini Mama alishindwa siku ile. Leo nami nina ndugu walio mbali, na kila nikifunga begi la safari namkumbuka. Mama amempa mdogo wake vitu vingi maishani, lakini sijaona alichompa kikubwa kuliko kile alichokiacha mlangoni.