Uvimbe wa Dada Yangu

Dada yangu aliolewa kwenye kaya yenye ng'ombe wengi, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka stesheni ya Isaka. Alikuwa mke mkubwa. Uvimbe ulipomwota pajani, ndani kabisa kwenye nyama, hakuujali kwa sababu haukuuma. Ulikua polepole, miaka ikapita, mpaka akawa anachechemea akienda kisimani.

Watu wakasema amerogwa. Wakamsingizia mke mdogo, binti wa Kisumbwa kutoka Ushirombo, kwa kuwa yeye hakuwa na mtoto na dada alikuwa na wanne. Mume wao akamrudisha kwao. Dada alinyamaza.

Ilikuwa miaka ya sabini, nami nilikuwa nafundisha shule ya msingi mjini Shinyanga. Niliposikia, nilimfuata nikampeleka hospitali ya misheni. Huko nyuma alikuwa ameshadungwa penisilini mara nyingi, kila aliyemwona akidhani ni jipu. Hata pale hospitalini mganga msaidizi alikuwa ameshika sindano tayari kunyonya usaha, daktari akauzuia mkono wake.

"Ngoja kwanza," alisema. Aliubonyeza uvimbe taratibu, kisha akamgeukia dada. "Mama, nyumbani mna mbwa?"

"Wapo. Wanalinda ng'ombe."

"Mkichinja mkakuta maini au mapafu yana malengelenge ya maji, mnayapeleka wapi?"

Dada alinitazama kama anayeuliza huyu mtu ana nini. "Si tunawatupia mbwa."

Daktari akatueleza. Mbwa akila malengelenge yale hupata minyoo midogo sana, na mayai yake hutoka na kinyesi, yakashika kwenye manyoya, mikononi, kwenye maji. Mtu akiyameza, mwilini mwake hujengeka mfuko wa maji, mara nyingi kwenye ini au pafu. Kwenye msuli, alisema, yeye mwenyewe alikuwa ameuona mara chache mno. Sindano ingeutoboa, maji yake yangemwagika ndani, na mgonjwa angeweza kufa palepale.

"Kwa hiyo si mtu?" dada aliuliza. "Hakuna mtu aliyenifanyia?"

"Hakuna, mama."

Akajifunika uso kwa khanga, akalia sana. Nilidhani ni furaha.

Walimpasua, mfuko ukatoka mzima, mweupe kama yai lililomenywa. Lakini picha ya kifua ilionyesha mwingine pafuni. Daktari akasema jeraha likipona aende Mwanza, kwa mpasuaji wa kifua.

Jeraha lilipona, na dada akaenda Ushirombo. Niliongozana naye. Alipiga magoti mbele ya mama wa yule binti.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kumwomba mwenzangu arudi. Walimsema vibaya nami nikanyamaza."

Mama hakujibu salamu. Binti alitokea mlangoni, akauliza, "Mguu unauma bado?" Akaingia ndani kufunga mzigo wake.

Safari ya Mwanza ikawa inasogezwa. Kwanza pamba ivunwe. Kisha dada akapata mimba, kisha akawa na mtoto mchanga. Siku moja shambani alishikwa na kikohozi, akatema maji mengi yenye chumvi pamoja na vipande vyeupe kama ngozi ya ndani ya yai. Mke mdogo alimpakata pale matutani huku wengine wakikimbia kutafuta gari. Gari halikuwahi.

Nilifika wameshazika. Mke mdogo alikuwa nyuma ya nyumba, mtoto wa dada mgongoni, anapepeta mtama wa kuwapikia waombolezaji.

"Alisema atakwenda tukimaliza kupalilia," aliniambia. "Nikamwambia nenda tu, shamba niachie mimi. Akacheka. Akasema ameniacha peke yangu mara moja, inatosha."

Mtoto akaanza kulia. Alimshusha, akamlaza mapajani mwangu, akaendelea kupepeta.