Choo Kisichonuka

Kipindupindu kilipoingia kwetu Mpimbwe, miaka ile ya sabini, serikali iliamuru kila kaya ichimbe choo. Baba mkwe alichimba chake, akakiezeka vizuri kuliko jiko langu, kisha akaufunga mlango kwa kamba. Hakuna aliyekitumia. Kwa mila zetu, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaingii choo kimoja, na kuchimba cha pili alikataa kabisa: serikali imesema kimoja. Basi tukaendelea kwenda kando ya mto kama zamani, yeye upande wa juu, sisi wanawake upande wa chini. Maji ya kunywa tuliteka katikati.

Siku ya ukaguzi bwana afya alikuja na baiskeli. Akafungua mlango, akachungulia, akavuta pumzi kwa nguvu.

"Mzee, choo chako hata hakinuki!"

Akawaita majirani waje kuona mfano. Baba mkwe alitabasamu kama bwana harusi. Juzi yake tu tulikuwa tumemzika jirani aliyeisha kwa kuhara, na hawa wawili wanapongezana kwa shimo kavu!

Bwana afya akaomba maji ya kunywa. Ningeweza kusema. Lakini mkwe hapazi sauti mbele ya baba mkwe, nami nikajificha ndani ya heshima hiyo. Nikachota mtungini, nikapiga goti, nikampa kwa mikono miwili.

Akanywa yote, akaomba tena. Nikamwongezea.