Siku Niliyoambiwa Tiketi Yangu Imetobolewa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka najicheka, kisha kicheko chenyewe kinakatika katikati. Nilikuwa na miaka kumi na minane, msichana wa mtaa wa Nyalenda mwenye miguu mirefu, na asubuhi hiyo nilikimbia mita mia nane pale Kisumu kutafuta nafasi katika timu ya taifa ya vijana.

Nilimaliza wa tatu. Wa tatu anaenda au anabaki? Sikujua. Kuna aliyesema wanachukuliwa wawili, mwingine akasema wanne. Nilikuwa nimeinama, mikono magotini, natafuta pumzi, ndipo Mwalimu Tomu akaja mbio. Huyo alikuwa Mmarekani aliyejitolea kutufundisha hesabu shuleni na kutukimbiza jioni. Akanipiga begani, akaniambia kwa Kiingereza chake cha puani, "Akoth, umetoboa tiketi yako!"

"Ndiyo, mwalimu," nikajibu. Hilo ndilo jibu nililompa kwa kila neno, nielewe nisielewe. Akaondoka kuwafuata waamuzi.

Sasa, wewe hujui nyumba niliyotoka. Baba yangu alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni, na zile zilizokwisha kazi alituletea nyumbani tuchezee. Kwangu mimi, tiketi yenye tundu ilikuwa karatasi ya watoto, haina safari tena ndani yake. Basi nikaelewa kwamba mwalimu ameniambia mambo yangu yamekwisha.

Lakini mbona alikuwa anacheka? Hapo ndipo akili yangu ilipokwama. Mtu anakupa habari ya kushindwa huku meno yote yako nje? Nikafikiri labda kwao ndivyo wanavyompa mtu pole. Nikafikiri labda ananidhihaki. Msichana aliyekuwa wa nne alikaa kwenye nyasi akilia. Nilitaka kumwuliza analia nini, maana kama mimi wa tatu nimetolewa, yeye alitarajia nini? Nikaona aibu. Nikavaa sketi juu ya kaptura, nikaondoka kabla majina hayajasomwa.

Mama alikuwa shambani kwetu Seme, na Baba alikuwa amepelekwa kufanya kazi Nakuru kwa muda. Nikafunga chumba chetu, nikaenda kwa shangazi yangu kule Mbita, kumsaidia kuanika omena, wale dagaa wa ziwani. Shangazi akiniuliza mbio zilikuwaje, najibu, "Zilikwisha." Siku zikapita, nageuza omena na kuyageuza yale maneno. Kuna saa niliamini nimeshindwa. Kuna saa nilikumbuka ule mkono begani, nikawa sijui tena naamini nini. Simu ya kumpigia mtu sikuwa nayo, na ujasiri wa kurudi kuuliza sikuwa nao pia.

Karibu wiki mbili baadaye, Baba akatokea, bado na sare ya kazi. Shangazi akamletea kiti, hakukaa.

"Nimerudi Nyalenda nimekuta barua tatu za mwalimu wako chini ya mlango," alisema. "Kambi ya timu imefunguliwa Nairobi. Walikungoja, wakachoka, wakamchukua yule wa nne. Akoth, ulikuwa unafanya nini huku?"

"Baba, mwalimu alisema tiketi yangu imetobolewa."

Akaniangalia. Nilidhani ataniinulia mkono.

"Nyathina," mtoto wangu, alisema taratibu, "natoboa tiketi za watu tangu hujazaliwa. Uliwahi kusikia nimetoboa ya mtu halafu nikamshusha? Nikishatoboa, huyo anakaa. Kiti ni chake mpaka afike." "Na hata kama hilo hukulijua, mdomo ulikuwa nao. Kwa nini hukuuliza?"

Nikaingia ndani kufunga mzigo wangu.

Tuliporudi Kisumu nilienda kumwona Mwalimu Tomu. Maskini, alikuwa amechanganyikiwa kuliko mimi. Kwao, alinieleza, kutoboa tiketi ni kujihakikishia nafasi. "Lakini uliitikia," alirudia na kurudia. "Uliniambia ndiyo." "Ndiyo, mwalimu," nikaitikia tena.

Mwaka uliofuata nilijaribu, nikawa wa sita. Yule msichana wa nne alipanda ndege, nikaona picha yake gazetini, na sikuweza kumchukia. Hakuniibia kitu. Mimi nikawa mwalimu wa watoto wadogo huko Mamboleo. Nimeishi vizuri, sikudanganyi, ila siku hiyo haijanitoka.

Nakuambia haya kwa sababu nakusikia ukiongea na wakubwa wa kazi kwenye simu. "Sawa, sawa, sawa," kisha unakata na kubaki umeduwaa. Mwanangu, neno usilolielewa, mzuie aliyelisema kabla hajageuka. Mwambie sijaelewa, nieleze tena. Wakicheka, waache wacheke. Aibu hiyo ni ya dakika moja. Ya kwangu nimekaa nayo tangu ujana. Usiitikie ili kumfurahisha mtu, na usiondoke uwanjani kabla majina hayajasomwa. Na siku utakapokuwa wewe ndiye unayesema, utazame uso wa anayekuitikia, maana "ndiyo" nyingine ni ya woga tu.

Mungu akupe sikio linalosikia na ulimi usioogopa kuuliza. Akufungulie mlango, mwanangu, na siku hiyo akujalie ujue kwamba umefunguliwa.