Kaliroi Achagua Boti

Zanis, mume wa Kaliroi, alikufa Januari, asubuhi, akiwa amekaa kitandani anavaa soksi. Alikuwa nahodha. Tangu siku hiyo nyumba yao, ambayo imegusana ukuta na yangu, ikawa nyumba ya msiba. Televisheni ilizimwa. Mgeni aliyekuja alipewa kahawa chungu na hakuna kitu kitamu pembeni. Kwetu kisiwani Milos, mpaka mwaka uishe, hakuna bilauri inayoinuliwa katika nyumba ya namna hiyo kwa ajili ya heri yoyote.

Tatizo ni kwamba Argiro, binti yao wa pekee, alikuwa ameposwa tangu Krismasi.

Mchumba wake, Apostolis, ni mtu wa Larisa, huko bara kwenye mashamba ya pamba. Alikuwa amepata kazi Ujerumani na alitakiwa kuanza Oktoba. Ama wafunge ndoa Septemba waondoke pamoja, ama aende peke yake, harusi ingoje. Mama yake, Bi Vaia, alilisema jambo hilo kwenye simu bila kulizungusha, na Argiro alinisimulia neno kwa neno.

"Mwanangu, sisi hatuchezi ngoma juu ya kaburi la mtu. Mama yako akiinua bilauri akatamka heri kwa mdomo wake, tunakuja Septemba na wapiga klarineti wetu. Asipotamka, tunangoja. Na simlaumu."

Lakini angeiinulia wapi bilauri hiyo? Nyumbani haiwezekani. Mkahawani mjane haketi kabla ya mwaka. Argiro alifikiri wiki nzima, kisha akaja kwenye kibanda changu pale gati la Adamanta, ninapouza tiketi za boti.

"Katingo, baharini si nyumbani, sivyo?"

"Si nyumbani."

"Wala si mkahawani."

"Wala."

"Basi nitafutie boti ya machweo. Nzima, yetu sisi tu. Wakwe wanakuja siku mbili kabla ya sikukuu ya Bikira Maria. Tutawapeleka kutazama jua likizama, mama atainua bilauri humo, atatamka. Nani atasema kitu?"

"Watasema tu," nilimwambia. "Ila watakuwa nchi kavu."

Alicheka kidogo. Kisha akasema kuwa boti lazima achague mama yake mwenyewe, maana yeye ndiye mwenyeji, na wakwe watauliza nani kawaalika.

Kaliroi alikuja kesho yake, amevaa nyeusi mpaka soksi, jua la Agosti likiwa utosini. Tangu mazishi sikuwahi kumwona akilia. Hakuwa mkali wala mnyonge. Ukimwuliza hali alijibu, "Nipo," kama mtu anayeitikia jina lake shuleni. Nilimwekea kiti kivulini, nikamtajia boti kwa sauti ile ile ninayowatajia wageni, kwa sababu sikujua nyingine ya kutumia.

Ya kwanza ilikuwa ile kubwa nyeupe yenye matumbo mawili yaliyounganishwa, ya kampuni ya Athene. Vyoo viwili, nyavu za kulalia mbele, muziki mpaka kurudi.

"Muziki hapana," alisema.

Ya pili ilikuwa boti ya Zanis. Kaliroi aliiuza baada ya Pasaka kwa mtu wa kisiwa cha Sifnos, ambaye ameipaka rangi upya na kuibadilisha jina. Nilisita kuitaja, lakini ilikuwa imefungwa mbele yetu, nyuma yake imetugeukia. Kaliroi aliitazama kwa muda.

"Ameweka mito ya njano," alisema.

"Ndiyo."

"Itachafuka."

Nilijaribu kuona kama uso wake umebadilika, nikaona haukubadilika.

Ya tatu ilikuwa ya Leonardos. Alikuwa baharia wa Zanis tangu ujana, kisha akanunua boti yake ya mbao, pana kama sufuria, isiyopendwa na wanaopiga picha. Kwa bahati alikuwa anapita na ndoo. Aliiweka chini haraka.

"Mama Nahodha."

"Leonardos, wewe una muziki?"

"Sina, Mama Nahodha. Nilikuwa nao. Spika ilianguka majini."

"Ilianguka au uliitupa?" nilimwuliza.

"Wewe Katingo uza tiketi. Ilianguka. Tena samaki wenyewe walishangilia."

Kaliroi hakucheka. Aliuliza ni boti ipi inayorudi mapema zaidi. Leonardos akasema yake, kwa sababu ni ya polepole na haiendi mbali. "Basi hiyo," alisema Kaliroi, akainuka, akaenda zake. Ndivyo boti ilivyochaguliwa. Argiro alipopata habari aliniuliza mara mbili, "Amefurahi?" Nikamjibu kuwa amechagua.

Siku yenyewe nilifunga kibanda mapema, nikaenda kumsaidia Kaliroi kupika. Tulikuwa bado katika mfungo wa Bikira Maria, kwa hiyo nyama, mayai na jibini havikuwemo, ingawa wakwe ni watu wa kula kondoo. Alikuwa ameshaviringisha wali katika majani ya mzabibu, mistari iliyonyooka kama makaburi ya askari. Pweza alikuwa kwenye siki. Mkate wa tikiti maji, ule wa asali na ufuta, ulikuwa motoni. Mikono yake ilifanya kazi bila kosa. Ila kila mara alinisogezea kijiko.

"Onja wewe."

"Kwa nini usionje mwenyewe?"

"Naonja. Sisikii kitu. Juzi nimekula limau kama kiazi."

Nikaonja. Pweza alikuwa na chumvi ya watu kumi. Tulimwosha, tukamtia siki upya, na Kaliroi akanishukuru kwa adabu, kama nimemwokotea leso.

Argiro aliingia na gauni la buluu iliyokolea, alilonunua bila kumwuliza mama yake. Alilitandika kitandani karibu na jeusi lililopigwa pasi.

"Mama, sikulazimishi."

"Najua."

"Buluu si nyekundu. Ila ukija na nyeusi, Bi Vaia ataona umekuja kwenye maziko."

"Argiro, nitasema hayo maneno ya heri. 'Ije saa yao njema.' Si ndiyo?"

"Ndiyo, lakini mama, yaseme kama unayataka!"

Kaliroi alimtazama binti yake kwa utulivu. "Sijui yanasemwaje hivyo," alijibu. "Nitayasema tu."

Argiro alitoka akafunga mlango wa uani kwa nguvu. Nilibaki nafunga vyakula kwa vitambaa. Kaliroi alipotoka chumbani alikuwa amevaa la buluu. Sikuuliza. Alisema mwenyewe, "Lilikuwa karibu na mlango."

Wakwe walikuwa gatini tayari. Bi Vaia ni mwanamke mfupi, mpana, aliyejifunga kitambaa kichwani na kukumbatia mfuko wa biskuti za chumvi. Alimbusu Kaliroi mashavu yote mawili, akampa pole, kisha akaitazama boti kama mtu anavyomtazama farasi asiyemjua.

"Mkwe wangu, nikwambie ukweli. Bahari naijua kwenye kalenda."

"Hii haiendi mbali, Bibi," alisema Leonardos.

"Mbali siogopi, mwanangu. Naogopa chini."

Tulivua viatu, tukaviweka kwenye kikapu kama ilivyo desturi botini, Apostolis akambeba mama yake nusu, akamweka benchi la nyuma. Kaliroi alipanda bila kushikwa mkono. Bi Vaia alimvuta kwa mkanda wa gauni akaketi naye, bega kwa bega. "Kaa hapa. Nikianza kutapika, wewe ni mtu wa baharini, utanipa shauri."

Leonardos aliwasha injini. Ni injini ya zamani, inayopiga taratibu, pigo moja moja, na mbao zote za boti huitikia. Upepo wa kaskazini ulikuwa umelegea. Tulitoka nje ya ghuba polepole. Apostolis aliuliza majina ya miamba, Argiro alimtajia, lakini macho yake yalikuwa kwa mama yake. Nilitandaza chakula. Bi Vaia alikula jani moja la mzabibu kwa ujasiri, akasifu, akarudia biskuti zake.

Jua liliposhuka karibu na maji, Leonardos alizima mwendo, injini ikabaki inapiga bure. Argiro alimimina mvinyo kwenye bilauri zote. Mwingine ulimwagikia samaki baharini. Aliileta ya mama yake.

"Mama. Ni sasa."

Kaliroi alikuwa amelala. Kichwa kilikuwa kwenye bega la Bi Vaia, mdomo wazi kidogo, mikono mapajani.

"Mama!"

"Shh," alisema Bi Vaia.

"Lakini Bi Vaia, jua linakwenda. Ile bilauri..."

"Liende. Kwetu pia linazama, tena kila siku."

Argiro alisimama na bilauri mbili mikononi, machozi yakimtoka. "Mtadhani hataki," alisema. "Siyo hivyo. Tangu Januari hajalala hivi. Namsikia anatembea ndani. Siyo kwamba hataki."

Bi Vaia alikuwa na rangi ya jibini. Boti ilikuwa inayumba mahali pamoja, na kuyumba kwa namna hiyo ndiko kubaya zaidi kwa mgeni. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Hakusogea.

"Wewe mtoto, kaa chini," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuja na neno langu moja: kama huyu mama ametukubali au anatuvumilia. Nimezika mume mimi pia. Mwaka wa kwanza sikusinzia mbele ya mtu hata kwenye basi. Sasa huyu amelala kwangu. Unataka aseme nini tena?"

Jua lilizama. Sikumwona aliyelitazama, isipokuwa Leonardos, ambaye alikuwa ametupa mgongo na kukohoa sana.

Tulirudi kwa mwendo wa injini ile ile. Taa za Adamanta zilikuwa zimewaka tulipogusa gati, na hapo Bi Vaia akaomba ndoo, akaitumia, akajifuta. Kaliroi alifungua macho. Alitutazama mmoja mmoja, akaona bilauri zimejaa.

"Hamjanywa?"

"Tunakungoja, mkwe wangu," alisema Bi Vaia.

Alichukua yake. Alisimama, pekupeku, akaiinua mpaka usawa wa kidevu. "Ije saa yao njema," alisema. Sauti ilikuwa ile ile ya kuuliza bei ya chumvi. Akanywa, akakunja uso.

"Mvinyo huu umechacha, Leonardos."

"Si kweli, Mama Nahodha!"

Safari hii nilionja wangu baada yake. Kweli ulikuwa umechacha.