Taa Ndani ya Sanduku la Bwana

Nikipita ufukweni hapa Rumonge, mahali wanawake wanapoanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, lazima mmoja wao atabisha juu ya kitu chochote cha mbao kilicho karibu naye, ko ko ko, na wenzake wote wataanguka kwa kicheko, nami nitaongeza mwendo huku nikijifanya naangalia milima ya ng'ambo ya ziwa. Wageni huuliza kuna nini. Hakuna anayewaeleza vizuri, kwa sababu kila mmoja ana namna yake ya kuongeza chumvi, basi afadhali niieleze mwenyewe aibu yangu, maana angalau mimi nilikuwa ndani yake (ndani kabisa, mtaona).

Siku zile nilikuwa mshika injini wa motaboti ya Mdachi mmoja, tuliyemwita Bwana, aliyekuwa akinunua mawese kwenye vijiji vya pwani yetu. Watu waliiita mtumbwi wa moshi. Mimi niliipenda kuliko ilivyostahili. Niliipangusa asubuhi, niliiongelesha, nilijua mlio wake kama mtu anavyojua kikohozi cha mama yake. Lakini ilikuwa na ugonjwa mmoja wa kuniua: ikitembea, ilikuwa nzima kama simba, ila ukiifunga kamba ikalala, ukija kesho yake imekufa. Betri tupu. Injini haipati cheche, na motaboti bila cheche ni jahazi zito lisilo na tanga. Mara ngapi pwani nzima ilinitazama nikirudi kutoka Gitaza kwa kasia, jasho likinitiririka, mitumbwi ya wavuvi ikinipita na watoto wao wakiniimbia!

Na pwani ikitazama, Mzee Juma naye anatazama. Mzee Juma alikuwa fundi wa mitumbwi, na alikuwa baba yake Zaituni, na kuhusu Zaituni sitasema mengi kwa sababu yuko chumba cha pili na masikio yake ni makali. Nitasema tu kwamba nilipompelekea Mzee Juma habari, kwa mdomo wa watu, kwamba ninataka kuposa, yeye alijibu, kwa mdomo wa watu vilevile: "Mtu asiyeweza kuchunga chombo kikalala kikaamka, atanichungia mutoto yangu?"

Unaona basi kwamba betri ile haikuwa betri tu.

Nikaanza kukitafuta kile kitu kinachoinywa. Rafiki yangu Bukuru, mvuvi wa Muhuta aliyekuja kunisaidia, alisema ni mizimu ya ziwa, inakuja kulamba moto. Mimi nilisema betri ni mzee, ina kiu, nikaiongezea maji safi ya mvua. Ikafa. Nikaifungulia waya zote, nikaiacha peke yake kama mtawa, na asubuhi nikagusa ncha zake mbili kwa ulimi (ndivyo Bwana alivyonifundisha; betri hai inauma ulimi kwa uchungu wa ajabu, betri iliyokufa haina ladha). Iliniuma mpaka machozi yakanitoka, na nikacheka kwa furaha. Kumbe betri haina ugonjwa! Kuna kitu kinainyonya ikiwa imefungwa waya zake na kila kitu kimezimwa.

Waya zilikuwa tatu: wa injini, wa taa ya mbele, na wa sanduku la Bwana. Lile sanduku lilikuwa nyuma ya chombo, refu, la mbao nzito, na Bwana, ambaye alipenda vitu vidogo vya kushangaza watu, alikuwa ametia ndani yake taa ndogo inayowaka ukiinua mfuniko ili aone chupa zake. Ukifunga, mfuniko unabonyeza kiulimi cha shaba na taa inazimika. Ndivyo alivyosema.

Sasa njoo siku ya posa. Mjomba wangu Sudi nilimleta mwenyewe kutoka Gitaza asubuhi, motaboti ikinguruma vizuri (usiku nilikuwa nimeifungulia betri waya zote), akapanda kwenda kwa Mzee Juma kusema maneno. Mimi nilibaki chomboni, nimefunga kamba nyuma ya matete, kwa sababu kwetu mwenye kuposa haonekani kwa wakwe hata kidogo mpaka jibu litoke. Akionekana, ni utovu wa adabu, na wengine wanasema jibu linageuka. Nilikuwa nimevaa kanzu mpya, nyeupe kama maziwa. Na kwa kuwa mikono yangu haijui kukaa, nikafunika betri kwa kitambaa ili niwe na giza kidogo, nikagusisha waya mmoja mmoja. Wa injini, kimya. Wa taa ya mbele, kimya. Wa sanduku: kacheche kadogo ka buluu, tik.

"Bukuru! Ni sanduku!"

"Basi utoe huo waya, twende tukale," alisema Bukuru.

Mtu mwenye akili angeutoa ule waya, akaketi, akasubiri bahati yake. Lakini mimi nilitaka kujua. Je, ni waya umechubuka njiani na unavuja kwenye mbao mbichi, au ni taa haizimiki? Nikainua mfuniko: taa inawaka, ni haki yake. Nikafunga. Sasa inawaka au haiwaki? Nani amewahi kuona ndani ya sanduku lililofungwa?

Nikamtazama Bukuru. Bukuru akaelewa kabla sijasema.

"Wee! Na hiyo kanzu?"

"Ni kuingia na kutoka. Nikigonga, fungua. Na wakija watu, tafadhali, wasinione. Niapie."

Akaapa. (Kosa langu lote liko hapo, kumwapisha mtu mwaminifu.)

Nikaingia, nikajikunja kama mtoto tumboni, mfuniko ukashuka, komeo la nje likaanguka lenyewe, klak. Na mbele ya pua yangu, nyekundu na tulivu kama tunda la mawese lililoiva, ile taa ilikuwa inawaka. Inawaka! Mbao zilikuwa zimevimba kwa unyevu, mfuniko haufiki tena kwenye kiulimi cha shaba. Miezi yote ile, kila nilipolala, huku ndani kulikuwa na kijua kidogo kinachomwangazia nani? Chupa za Bwana. Niliitazama kwa upendo kabisa, nasema kweli, nikasahau hata kugonga.

Nilipokumbuka, nikainua mkono, nikasikia sauti ya Bukuru imebanwa karibu na ufa wa mfuniko: "Usigonge. Bamefika."

Walikuwa wamefika kweli, wote. Mjomba Sudi, Mzee Juma, Zaituni, na shangazi yake Zaituni, Mwamini, mwanamke mkubwa wa mwili na wa heshima, ambaye bila neno lake hakuna ndoa katika ukoo ule. Mzee Juma alikuwa amesema jibu atalitoa mbele ya chombo chenyewe. Na Zaituni alikuwa amebeba kapu la njia. Kwetu kapu hilo, lenye ugali na samaki wa kuwashindikiza washenga, wageni hawapewi. Likiingia katika chombo chenu, mmekuwa ndugu.

Nikasikia chombo kinayumba wakipanda. Nikamsikia Bukuru, mlinzi wangu, akisema kwa sauti ya mtu anayeuza samaki aliyelala: "Karibu Shangazi, amahoro, kaa hapa, hapa ni pazuri, hapahapa." Na juu yangu mbao zikalia. Shangazi Mwamini amekaa.

"Haya," alisema Mzee Juma. "Hii njo ile chombo inakufakufa?"

"Inasumbua kidogo," alisema Mjomba Sudi.

"Kidogo? Mimi minaiona kila siku inarudi na kasia. Mutu gani anafuga kitu kimekufa?"

Mafuta ya mawese ya kulainishia mnyororo, kopo ambalo nilikuwa nimelipigia magoti bila kujua, yalianza kunipanda taratibu kwenye kanzu, yenye joto kama aibu yenyewe. Taa ilikuwa inanichoma sikio. Sikujali. Nilikuwa nasubiri jibu la Mjomba kama mtu anayesubiri hukumu.

"Zaituni," alisema Shangazi, "wee unanyamaza kama nani? Iko kwa ajili yako hii."

Na Zaituni, ambaye mpaka siku ile nilikuwa nimesikia kutoka kwake salamu tu, alisema pole pole: "Baba, huwa ninamuona. Ikikufa haitukani. Anashuka, anaipapasa, halafu anavuta kasia mpaka nyumbani. Hajaiacha hata mara moja mu njia."

Ndugu zangu, mimi nilikuwa nimejikunja gizani pamoja na chupa za Mdachi, magoti yamelowa mafuta, na nililia. Lakini si gizani, ndiyo maana ya mkasa huu, taa ilikuwa inawaka, niliona machozi yangu mwenyewe yakidondoka yakiwa mekundu, na furaha mbili zikanijia pamoja, ya Zaituni na ya taa, zikagongana kifuani, na kabla sijaujua mdomo wangu unafanya nini, nilipiga kelele:

"Inawaka! Inawaka!"

Shangazi Mwamini hakupiga kelele. Aliondoka tu. Nilisikia mbao zimekuwa nyepesi, halafu nikasikia ziwa limempokea, na maji yalikuwa ya kiunoni, ashukuriwe Mungu, kisha ndipo sauti ikatoka: "Yoo! Sanduku inasema! Jini iko mu sanduku!" Wanawake wa ndagala wakaacha samaki wao, wakaja mbio, wengine wakakimbilia upande mwingine. Bukuru, mwaminifu mpaka mwisho, alikuwa amekaa juu ya mfuniko akisema hakuna mtu humu, hakuna mtu kabisa.

Mzee Juma akamsogeza, akafungua komeo.

Nikasimama. Kanzu ilikuwa ya rangi ya machweo kuanzia kifua mpaka chini.

"Hamisi," alisema Mzee Juma. "Unafanya nini mu sanduku?"

"Ninatafuta kitu kinachokula betri, Baba."

"Umekipata?"

"Ndiyo, Baba. Ni hii taa."

Aliitazama taa, akanitazama mimi, akamtazama dada yake aliyekuwa akipanda ufukweni amelowa. Zaituni alikuwa ameficha uso katika kanga na mabega yake yalikuwa yanatikisika, na sikujua kama analia au anacheka. Kisha Mzee akamwambia: "Rudisha kapu nyumbani." Nikaona dunia imefungwa komeo. "Na chombo ilale hapa, kwangu. Asubuhi tutaona kama iko hai."

Nikautoa ule waya, nikaufunga kitambaa. Kanzu niliiloweka ziwani, na ikakataa kuwa nyeupe mpaka leo.

Asubuhi pwani yote ilikuwepo. Hata watu wa Kizuka, juu milimani, waliteremka. Mzee Juma akaniuliza, inajulikanaje kama iko hai? Nikamwambia, kwa ulimi. Akasema, basi si kwa ulimi yako. Akainama, mzee yule wa heshima, na ndevu zake, akatoa ulimi mbele ya watu wote na kugusa. Akaruka nyuma, akatema mate ziwani.

"Mana yanje, Mungu wangu! Inauma!"

"Ndiyo uzima wenyewe, Baba."

"Washa."

Nikazungusha mara moja, ikashika, tup-tup-tup-tup, moshi ukapanda, wanawake wakapiga vigelegele. Mzee Juma akafungua mdomo akasema jibu. Sikusikia neno. Akarudia. Nikamwonyesha masikio. "Zima!" alipiga kelele, hilo nilisoma midomoni mwake, nami nikatikisa kichwa, kwa sababu (ninaona haya kusema) niliogopa nikiizima isiwake tena, na mtu apate mke akose injini mbele ya wakwe. Basi tukasimama hivyo, yeye ananitolea jibu la maisha yangu na mimi sisikii, mpaka Zaituni alipopita katikati ya watu wote, akaingia majini mpaka magotini, akaweka kapu chomboni.

Niliizima. Sikuwa na la kusikia tena.

Tangu hapo nimeapa sitaingia tena ndani ya kitu chochote ambacho komeo lake liko nje, na sitamwapisha Bukuru jambo lolote. Bwana alipoambiwa aliichomoa taa yake kwa hasira akaitupa. Zaituni aliiokota, iko katika kibweta chake, haiwaki. Na Shangazi Mwamini, akija kututembelea, hakai juu ya sanduku wala kitanda kabla ya kubisha, ko ko ko, na kusema kwa sauti ya adabu, "Hodi humo ndani?" Nami, popote nilipo katika nyumba hii, ninaitikia: "Karibu, Shangazi."