Herufi Nilizomkuzia Yaya

Jumatano, tarehe 11 Machi. Asubuhi mvua ilipiga kwa nguvu, ikakatika kabla ya saa nne, kisha jua likatoka kali mpaka turubai la kanisa likawa linafuka mvuke. Upepo ulitoka upande wa ziwa. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo atakayesoma apunguze kidogo kila ninachosema. Niliishia darasa la sita na kupanga mambo sijui sana. Nitajaribu kumpa kila mtu haki yake, hata wale ambao leo nilitamani kuwatupia jerikani.

Leo kwenye ibada ya ushuhuda niliambiwa nisimame nikanushe neno. Neno lenyewe ni "haoni." Nililisema wiki iliyopita kule hospitali ya Ruharo, mbele ya muuguzi, na nilikuwa namsema yaya. Kwetu dada mkubwa ni yaya, na mimi sijawahi kumwita kwa jina lingine.

Kanisa letu hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale ni dogo, na karibu sote tumetoka Kivu Kusini. Hatuna mchungaji. Tuna wasomaji wawili, wa kwanza ni yaya, wa pili ni papa mwenyekiti, maana kwetu baba ni papa, naye ni fundi wa baiskeli. Tunafundishwa kwamba Mungu ni Akili, na Akili haiwezi kuumwa, basi ugonjwa ni kitu kinachodai tu kuwapo. Mtu wetu hasemi "naumwa kichwa." Anasema "kichwa kinadai." Na mwenzake hampi pole, kwa sababu ukimpa mtu pole umekubali madai na umeyaongezea nguvu.

Majirani wanatucheka. Kuna mama mmoja Mpentekoste tunayechota naye maji. Siku chakula cha mgao kilipopunguzwa aliniuliza, "Mama, na njaa nayo inadai tu? Basi leta unga wako kwangu, njaa yangu mimi iko ya kweli!" Nilicheka mpaka maji yakamwagika. Nilipomsimulia yaya, yeye hakucheka.

Niseme na hili, maana nisipolisema nitakuwa mwongo. Tulipofika hapa yaya alikuwa hapati usingizi. Mume wake alibaki kule, chini ya ardhi, na yeye alikuwa anakaa mlangoni tangu jua linatoka, anatazama njia. Watu wa kanisa hili ndio waliokuja, zamu kwa zamu, wakamsomea kwa sauti wiki nzima na nyingine. Hawakumwambia asahau. Walimwambia kwamba uovu uliotendeka hauna mizizi ndani yake. Akalala. Nililiona kwa macho yangu na sitalifuta.

Juma letu linakwenda hivi. Jumatatu somo linafika kwenye simu ya papa mwenyekiti kutoka kusanyiko mama, lililoko Biharwe. Jumanne mimi nalinakili kwenye daftari, kwa sababu nina mwandiko na kioo cha ile simu kimepasuka. Jumatano ushuhuda. Mwisho wa juma tunakaza kamba za turubai, tunang'oa nyasi, halafu Jumamosi wanawake tunakwenda kwa wafugaji kuomba mavi ya ng'ombe, tunachanganya na udongo na majivu, tunapaka sakafu kuanzia mbele kurudi mlangoni, ili anayepaka asijifungie ndani. Jumapili yaya anasoma. Sauti yake ni nzuri. Hata yule Mpentekoste husimama njiani kumsikiliza.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Karibu mwaka mmoja na nusu uliopita, yaya aliniambia, "Mudogo wangu, andika makubwa kidogo. Mule ndani mwanga haiko mingi." Nikaandika makubwa kidogo. Baadaye akasema peni ya bluu haikolei, nikatafuta nyeusi. Baadaye akasema niruke mstari. Somo lililokuwa linaingia kurasa nne likaingia kumi, na mwisho nilikuwa namaliza nusu ya daftari kwa Jumapili moja, herufi kama za mtoto anayejifunza. Nilikuwa naziona zinakua. Mkono ulikuwa wangu. Sikumuuliza kitu hata siku moja, kwa sababu kuuliza kwetu ni kukubali madai, na mimi, kusema kweli, nilifurahi kuwa na sababu ya kunyamaza.

Alikuwa anagonga benchi za pembeni akipita. Tulizisogeza. Hakuna aliyesema kwa nini. Tulizisogeza tu, kila Jumamosi, kidogo zaidi. Nimeandika hapa kwanza kwamba papa mwenyekiti alijua. Nimefuta. Sina hakika alijua. Lakini alianza kumshika kiwiko akipanda mbele, na kabla ya hapo hakuwa akimshika.

Jumapili moja, mwezi uliopita, upepo uliingia chini ya turubai ukarusha karatasi zake. Daftari lilikuwa limeshachanika, nilikuwa nampa karatasi moja moja. Niliziokota mbio, nikamrudishia bila kuzipanga. Nilipokaa nikaona ya juu ni ya mwisho, ile inayoanza na maneno ya shukrani. Nikasema moyoni, sasa ataaibika. Yaya akaangalia karatasi, akaendelea na somo pale pale alipokuwa ameachia, neno kwa neno, mpaka mwisho, akigeuza karatasi ambazo hazikuwa na maneno aliyokuwa anayasema.

Watu wakasema amina. Mimi nikaenda kuuliza nyumbani. Binti yangu ndiye aliyekuwa anamsomea, Jumamosi jioni, mara tatu nne, na yaya anashika yote. Mtoto alipoulizwa alisema tu, "Mama mukubwa alisema ni zoezi langu ya kusoma."

Basi nilidanganya. Nilimwambia tunakwenda Biharwe kuchukua vitabu vya nyimbo, na ilikuwa kweli, vitabu vilikuwepo. Tulipita Kabingo mapema, tukavuka Mbarara mpaka Biharwe, tukachukua vitabu, na wakati wa kurudi, tulipofika Mbarara tena, nikampeleka Ruharo kwa watu wa macho. Alipojua tuko wapi alisimama katikati ya njia.

"Umenileta fasi gani?"

"Yaya, ni kupima tu."

"Kupima nini? Kitu hakiko, unapima nini?"

"Kama hakiko, basi watakosa kukiona. Tutarudi."

Hapo nilikuwa nimemfunga kwa mafundisho yake mwenyewe. Sijivunii. Aliingia akakaa kwenye benchi wima kama siku ya ibada, amefumba macho. Nilidhani anaomba.

Muuguzi alikuwa dada kijana wa huku huku, mcheshi, Kiswahili chake cha Uganda. Alituita, akamuuliza yaya, kwa lile neno lao la kumheshimu mama, "Nyabo, wewe unajua kusoma?"

Yaya akasema, "Mimi ni musomaji."

"Eh! Basi soma hii ya ukuta. Funika jicho moja. Anza juu."

Yaya akafunika jicho, akaanza. Akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, bila kukwama. Muuguzi akasema, "Wewe uko sawa kabisa, nyabo, unashinda hata mimi," na akachukua kalamu aandike.

Lakini mimi nilikuwa nimesikia. Yaya alikuwa amesema "eich." Alikuwa amesema "jii." Sisi tulisoma kule kwetu kwa Kifaransa, na herufi tulifundishwa na mwalimu mmoja aliyetuchapa viganja. Ile ya kwanza, H, kwetu inaitwa "ash." Ile ya pili, G, tunaisema "zhe." Yaya hajui Kiingereza hata cha kuomba maji. Kwenye benchi, macho yamefumbwa, hakuwa anaomba. Alikuwa anawasikiliza Waganda na Wanyankore waliotutangulia wakisoma ule ukuta, na alikuwa ameushika wote, kama anavyoshika somo.

Kwa muda wa pumzi mbili tatu nilifikiri, mwache. Amepasi. Twende nyumbani. Halafu nikasema, na nilisema kwa sauti kuliko ilivyohitajika, "Musista, usiandike. Haoni. Amekariri. Haoni kitu."

Chumba kizima kiligeuka. Muuguzi alimtazama yaya, akanyoosha vidole viwili pembeni ya uso wake. Yaya hakugeuka. Muuguzi akasogeza vidole kidogo kidogo kuja mbele, na vilipofika karibu na pua ndipo yaya aliposema, "Viwili." Yule dada akasema polepole, "Pole, nyabo."

"Usinipe pole," yaya akasema. "Pole yako ubaki nayo."

Niwe wa haki: walimhudumia vizuri, na daktari alieleza mara mbili kwa uvumilivu. Ni presha ya jicho. La kushoto limeshakwenda. La kulia limebaki kama tundu la mlango, na hilo tundu linaweza kulindwa kwa dawa ya matone, tone moja kila jioni, maisha yote. Kilichopotea hakirudi. "Mungekuja mapema," alisema, bila ukali, na mimi nikaziona herufi zangu zote, nyeusi, zimeruka mstari.

Njia nzima ya kurudi yaya hakunisemesha. Tulipofika nyumbani akasema neno moja tu: "Umeniuza."

Tone la kwanza alilikataa. La pili alilikubali kwa sababu binti yangu alilia. Kwa siku saba sasa limekuwa likiingia, jioni moja kwa kubembelezana, nyingine kwa kununiana. Halafu leo.

Leo papa mwenyekiti alisimama baada ya wimbo. Hakupiga kelele, yeye si mtu wa kelele, ana huruma kweli na baiskeli za watoto hatengenezi kwa malipo. Alisema kwamba msomaji wa kwanza hawezi kusimama mbele na dawa machoni, kwa maana atakuwa anasoma kitu kimoja na mwili wake unasoma kingine. Yaya achague kabla ya Jumapili. Halafu akanigeukia mimi.

"Mama, ulitamka neno juu ya dada yako. Kabla ya lile neno, alikuwa anasoma. Baada ya lile neno, imekuwa hivi. Simama ulikanushe, tumusaidie."

Niliposimama nilikusudia kukanusha. Naandika hili kwa sababu ni kweli. Nilikuwa tayari kusema lolote ili yaya anisemeshe tena. Lakini nilipofungua mdomo nilimwona kwenye kiti chake cha mbele, ameelekeza uso pale nilipokuwa nimekaa, siyo pale nilipokuwa nimesimama.

"Papa," nikasema, "kabla ya lile neno hakuwa anasoma. Mimi ndiye naandika, najua. Na munajua. Nani alisogeza hizi benchi? Wewe ulishika upande mumoja, mimi upande mwingine. Tulikuwa tunamutengenezea njia ya kipofu, huku tunaimba kwamba kipofu hayuko!"

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mama, punguza."

"Sipunguzi! Nilipunguza mwaka na nusu. Jicho moja limekufa tukipunguza. Kama munataka la pili, mulichukue nyinyi kwa mikono yenu, musimwombe yeye alitoe mwenyewe."

Nilisema na mengine ambayo sikupaswa kuyasema, kuhusu mke wa papa mwenyekiti na jino lake lililong'olewa na daktari kule Kabingo, ambalo wote tunalijua na hakuna aliyelitaja. Hilo lilikuwa la kuaibisha tu. Nitamwomba msamaha yule mama. Mume wake bado sijaamua.

Papa mwenyekiti alikaa chini. Alisugua magoti, akatazama sakafu tuliyoipaka. Sijui kama ni ukaidi au ni kitu kingine. Yaya ndiye aliyesimama. Niliogopa. Alisema, kwa ile sauti yake ya Jumapili, "Somo la Jumapili, huyu mutoto atalisoma. Mimi nitakaa pembeni yake, nitamusahihisha akikosea." Alimaanisha binti yangu. Halafu akaongeza, "Na mambo ya nyumba yangu, tutayamaliza kwa nyumba," akanyoosha mkono hewani mpaka nilipokwenda kuushika.

Papa mwenyekiti alisimama tena. Alitangaza wimbo.

Tulirudi jua likiwa bado juu ya kilima. Njiani aliniambia nimekuwa na mdomo mchafu, na kwamba lile la jino lilikuwa la kijinga. Nikasema ndiyo. Akasema bado hajanisamehe Ruharo. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama nilisimama upande wa kulia au wa kushoto wakati nasema yale maneno. Nikamwambia kushoto.

"Nilidhani kulia," akasema. "Sasa leta ile kitu yako, tukifika. Uweke. Lakini usiseme neno lolote."

Nilimlaza kichwa kwenye mapaja yangu mlangoni, ambapo mwanga ulikuwa mzuri, nikaweka tone. Hakupepesa. Sikusema neno.

Tumekula ugali wa muhogo, sombe ya majani yake, na ndagala, yaani dagaa, nilizokaanga na nyanya mbili zilizobaki. Yaya amekula sana, akaomba aongezewe sombe.